Mvinyo Uliosahauliwa Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa tatu sasa tangu niondoke nyumbani. Mvua. Mgongo unauma. Mzee, tajiri wangu, kanishusha chumba cha chini ya nyumba nipige plasta ukuta unaovuja. Humo ndimo anamolaza mvinyo wake. Kasema Ijumaa binti yake anachumbiwa, utafunguliwa mvinyo mwekundu uliowekwa tangu binti azaliwe. Karamu ikienda vizuri, nina likizo. Nyumbani! Nimeimba nikikoroga saruji.

Jumanne
Mpishi kanicheka. Kasema likizo hiyo niliahidiwa hata mwaka jana. Kisha kanionya: “Chupa usiziguse, wewe na makoleo yako hayo unayoyaita mikono.” Wivu tu! Nitauonja mvinyo kwanza, nimhakikishie Mzee kuwa ni mzima. Mtu wa maana hivyo hanyimwi likizo.

Jumatano
Nimefungua chupa moja. Kizibo kimekatika. Nimeonja. Lahaula! Ukakasi wa ndizi mbichi. Harufu ya udongo na viatu vya zamani. Chini mashapo, kama birika lisilooshwa. Maskini Mzee! Kumbe kiwandani walisahau sukari, naye kaulaza miaka yote hiyo bila kujua. Wageni wakikunja nyuso, likizo yangu imekwenda na maji. Nimekaa juu ya ndoo, nikawaza.

Alhamisi
Mpishi kaenda sokoni, sukari nimeichota. Nimetia chupa zote za karamu. Nimetikisa kila moja kama dawa ya kifua, vizibo nikavigongomea kwa nyundo ya mpira. Kazi safi!
Nimempigia mke wangu simu, ajiandae. Mtoto kauliza ni nani huyo. Kaambiwa ni baba. Kasema baba yuko nje anapasua kuni. Yule ni mjomba wake!

Ijumaa
Nilivalishwa shati jeupe nibebe trei. Mzee akanusa, akaonja, akaiweka glasi mezani. Akauliza nani kafanya hivi. Nikajitokeza kifua mbele: ni mimi, Mzee, walikuwa wamesahau sukari. Baba wa mchumba alicheka hadi akapaliwa. Mzee hakucheka. Alisema chupa zile zililazwa na marehemu mkewe, kwa mkono wake, moja moja. Binti akainywa glasi yake yote, machozi yakimtoka.
Nadhani aliupenda.

Jumamosi
Likizo imefutwa. Mpishi kaniletea chakula mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kasema, “Kula, mganga wa mvinyo.” Sauti yake ya upole imenitisha kuliko matusi.
Nimelala chali kutwa, nikachunguza nilipokosea. Nimepata: sukari haikuyeyuka. Mvinyo baridi hauyeyushi sukari, mtoto mdogo anajua! Bado liko sanduku moja la binti, Mzee kalitenga kwa siku ya harusi. Hilo nitatia asali.
Nimemwambia mke wangu: Agosti, harusi ikiisha tu, niko njiani. Kaitikia sawa. Tarehe hakuuliza.