Hukumu Yangu juu ya Stereo ya Shemeji Raimundi

Jumatatu, 10 Juni 2024

Baridi ya Mbinga imenishika magoti lakini kichwa kinachemka. Jumamosi tunaanua matanga ya marehemu shemeji yangu Raimundi kule Mapera, na ukoo wake utagawana vitu vyake. Baiskeli wachukue. Mashine ya kumenya kahawa wachukue. Mimi nataka stereo. Amplifaya ya chuma, mashine ya santuri, spika mbili za mbao zinazonifika kifuani. Aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Nani hapa anajua thamani yake? Mimi tu, niliyetengeneza redio ya meli pale Liuli, katikati ya dhoruba, kwa mfupa wa samaki mbasa, nahodha akilia kama mtoto.

Chanzo cha yote ni Stephano, mdogo wa marehemu. Kanunua sabufa ya plastiki yenye taa za kumetameta, na tangu hapo kilabuni hakuna anayesikiliza habari zangu. Plastiki!

Shida ni kwamba mimi ni ndugu wa mjane. Sina fungu. Lakini Mzee Tarsisi, mkubwa wa ukoo wao, kauliza nani aikague ile stereo, ijulikane iwekwe fungu gani. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Nitasema imekufa. Iliyokufa haigawanywi. Nitajitolea kuiondoa, kwa huruma.

Jumanne, 11 Juni

Nimefika Mapera na bisibisi. Nikaanza na kipimo changu: stereo ya zamani huinuliwa. Ikikuvunja kiuno, ina thamani. Nimeinua. Ina thamani mno. Naandika haya nimelala kifudifudi.

Nikaiwasha. Balaa! Inafanya kazi! Taa nyekundu, mngurumo mzito kama wa ng'ombe aliyeshiba. Bahati nzuri chumbani tulikuwa mimi na kuku. Nikafungua nyuma, nikachomoa fyuzi, kile kichupa kidogo cha kioo, nikatia mfuko wa shati. Ndipo nikaita mashahidi.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa majonzi. Mzee Tarsisi akauliza kuna nini. Nikamweleza kuwa transfoma imeoza, na transfoma ndiyo ini la mashine. Stephano akauliza mbona hainuki. Nikamjibu harufu hiyo huisikia fundi peke yake. Akauliza nimesomea wapi. Watu wengine hawana adabu msibani.

Dada Otilia, mjane mwenyewe, alisogea karibu. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akauliza kama nina hakika. Nikaapa kwa jina la mama yetu. Akasema basi, mjuzi ni mimi. Huruma ilinigusa kidogo. Kila Jumapili baada ya misa yeye na marehemu walikaa pale kusikiliza santuri za kwaya. Lakini si atazisikia kwangu, akija kusalimia?

Jumatano, 12 Juni

Tereza kafua shati! Mke gani anafua Jumatano bila kuagizwa? Fyuzi imeonekana kwenye beseni, imepasuka. Kauliza ni nini. Nimesema ni dawa. Sasa ananitazama kama mgonjwa na kunipikia uji usio na chumvi.

Nikaenda Mbinga mjini, dukani kwa Azizi muuza vipuri. Akauliza nataka fyuzi ya ukubwa gani. Nikasema ya kiume. Akasema za stereo za zamani zimekwisha, mteja wake ni mmoja tu, mama fulani wa Mapera. Mwezi uliopita kazoa zote, eti umeme wa kule ukikatika na kurudi unaziunguza. Nikacheka hadi nikakohoa. Mwanamke na fyuzi! Wenye maduka kwa kutunga hawajambo.

Nimeondoka na kipande cha waya wa shaba. Fundi halisi hategemei duka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepita Mapera kuchungulia mali yangu. Juu ya amplifaya kuna kikapu. Ndani ya kikapu kuna kuku. Anaatamia! Nimefoka. Dada kanijibu taratibu: si mimi niliyesema hiyo ni maiti? Na kuku kapapenda, hapana upepo.

Nimejaribu kumhamisha. Kanidonoa kidole cha bisibisi.

Ijumaa, 14 Juni

Stephano huyo! Anataka mbao za spika atengenezee kabati la sabufa yake. Nikamwambia mbao hizo zina sumu ya sumaku, mwenye kuzishika hunyonyoka nywele. Kaziachia upesi. Lakini Mzee Tarsisi kasikia, akaogopa, akaamuru zichomwe moto. Ikabidi niape tena kuwa moshi wake ni mbaya zaidi. Jasho! Katika baridi hii!

Nimechoka kuokoa kitu kimoja kutoka kwa watu wengi.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa, ukoo ulikaa kugawa. Ilipofika zamu ya stereo, Mzee Tarsisi akanisimamisha nirudie hukumu yangu. Nikairudia kwa sauti. Akatangaza kuwa iliyokufa haimo katika urithi, ibaki ndani kwa mjane. Nikaruka kusema nitamwondolea mzigo. Dada akasema kuku anaatamia. Wazee wote wakatikisa vichwa: kuku anayeatamia hahamishwi. Mzee akauliza kama wamekubaliana. Wakakubaliana. Yakafungwa kwa sala!

Tulipomaliza kula, Dada akatoa kopo la vifungo. Ndani yake, fyuzi. Nyingi. Akasogeza kikapu taratibu, kuku hata hakuguna, akachomeka moja, akaweka santuri. Kwaya ikajaa nyumba nzima. Wanawake wakaanza kuitikia. Dada akafumba macho.

Stephano akasimama kudai igawanywe upya. Mzee Tarsisi akamkalisha chini. Alisema sala haifunguliwi kwa sababu ya kelele.

Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, asante. Shemeji zangu walishaipangia pa kuiweka. Bila kiapo chako ingeondoka leo. Sasa ile fyuzi uliyochomoa Jumanne unirudishie."

Nikabaki kupapasa mfuko wa shati, kama fundi aliyepoteza bisibisi. Mimi!

Jumapili, 16 Juni

Kilabuni nimeeleza jinsi nilivyoifufua stereo kwa kuikazia macho tu, kutoka mlangoni. Wamenisikiliza hadi Stephano alipowasha sabufa.

Hata hivyo, bwana mmoja wa Litumbandyosi kanifuata nje. Baba yao kawaachia redio kubwa ya mbao, ndugu wanagombana, wanatafuta mjuzi aseme kama ni nzima. Naenda kesho. Nitasema imekufa. Safari hii nimejipanga vizuri: nimemwambia Tereza shati hili lisifuliwe.