Programu Iliyomjua Kila Kambale wa Beni

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya wajomba zangu na mbuzi wawili. (Nguo zenyewe nilikuwa nimezivaa. Ingekuwa afadhali wangenivua hizo.)

Chanzo ni semina. Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Goma, viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na vumbi la Butembo, kutuonyesha programu ya simu iitwayo Jirani. Unaandika jina la mtu na mji wake, akili bandia inakufikisha kwake. "Kuuliza njia ni umaskini!" alipaza sauti. "Data haidanganyi!" Tukasimama, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza hiyo data imetoka wapi. Mimi nilipiga makofi mpaka nikapewa fulana na cheo: Balozi wa Jirani. Balozi! Kazi yenyewe ni kuvaa fulana.

Basi leo wazee wangu walikuwa wanakwenda Beni kuniposea Masika, mchumba wangu anayesomea uuguzi hapa Butembo. Kwao nilikuwa sijawahi kukanyaga, maana mkwe haendi kabla ya kuitwa. Babake, Papa Kambale, alituma neno moja tu: saa sita awe ametuona, la sivyo binti yake atangoja watu wenye adabu.

Tantine Kahambu, dada ya baba, huuza vitenge Beni na anakujua kule kama jikoni kwake. Asubuhi alikuja amejifunga tayari.

"Mi najua kwabo. Nitabapeleka."

"Tantine, tuache mambo ya zamani," nikasema. "Nimeandika: Kambale, binti Masika, Beni. Ona alama ya kijani!"

"Kambale gani?"

Nikacheka. (Mungu anisamehe kicheko kile.) "Système inajua, Tantine."

"Mm. Basi système ibebe na mbuzi." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Kwa wasiotujua: kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, mwana wa kiume wa pili ni Kambale. Mimi ni Kasereka, wa tatu, na darasani tulikuwa akina Kasereka sita. Yaani mtu wa mwisho duniani kuiamini programu ile alipaswa kuwa mimi!

Mila inataka mkwe akae nyuma, kimya. Mimi nilikaa mbele ya gari na simu, nikawahutubia njia nzima habari za siku zijazo. Mbuzi peke yao walithubutu kunipinga.

Saa tano tukafika kwenye nyumba moja ya njia ya Mavivi, pale Beni. Simu ikasema kwa sauti tamu: "Umefika kwa Kambale." Na kweli! Akatoka mzee wa fimbo, nikamwuliza jina, akasema Kambale. Nikawageukia wajomba kwa majivuno.

Viti vikatolewa. Baba mkubwa Paluku, msemaji wetu, akasimama, akakohoa, akaanza. Kwetu msemaji hakatizwi, na baba mkubwa akianza, hata mvua hungoja. Tumeona ua katika nyumba hii, akasema, tumekuja kuliomba kabla wengine hawajalichuma. Mzee alitoa macho, lakini adabu ilimfunga mdomo. Hotuba ikaenda karibu saa nzima.

"Mumemaliza?" mzee akauliza.

"Tumemaliza, papa."

"Bon. Masika! Kuya, kuko bageni, banataka kukuowa."

Masika akatoka. Miaka hamsini hivi. Kanzu nyeupe, kitambaa kichwani, msalaba kifuani. Sista! Sista wa Kikatoliki, yuko likizoni kwa baba yake. Na sisi ni Waprotestanti wa kutupwa.

Mjomba mmoja akaanza kusali. Mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kula maua ya sista.

Sista akaisoma fulana yangu polepole. "Ni weye njo balozi?"

"Ndiyo, sista."

"Mi niko na Bwana tangu zamani, mutoto wangu. Lakini ile posa ilikuwa muzuri." Kisha akauliza: "Munatafuta Masika gani?"

Swali lile lile la Tantine. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikampigia Tantine. Akaiacha simu ilie mara tatu, makusudi kabisa.

"Allô, système," akaitika.

Akanielekeza kwa sentensi moja: nyuma ya chapelle ya Waprotestanti, portail ya buluu, yaani lango. Tulifika saa sita na nusu. Papa Kambale wa kweli alikuwa amesimama langoni na suti yake, akitazama saa. Nikajua nimempoteza Masika.

"Nasikia mulianzia kwa masista," akasema.

Wajomba wote wakanigeukia mimi.

"Tantine yenu amenipigia. Anasema mutoto wake hana zarau, iko tu na bujinga. Leo sipokei kitu. Mutarudia juma ingine, ye atangulie mbele, na ile fulana ibakie Butembo."

Nyuma ya pazia nilimsikia Masika akicheka mpaka akapaliwa. Nilitamani kulia, kwa aibu na kwa furaha.

Fulana nimemvisha mbuzi. Balozi ni yeye sasa, maana maua aliyafikia bila simu.

Tafadhali msicheke. Anayeruhusiwa kucheka ni yule tu ambaye kwao hakuna Masika.