Chai Yangu na Kamati ya Ukaguzi

Jumatano, Machi 1, 1775

Kuanzia leo chai ni haramu Massachusetts nzima. Kongresi ya Filadelfia, baraza la makoloni yetu, imekata shauri: hakuna kuuza, hakuna kunywa, mpaka Mfalme wa Uingereza atufutie sheria zake. Na mimi nina masanduku matatu dukani! Kamati ya Ukaguzi itapita nyumba kwa nyumba. Atakayenaswa, jina lake litachapishwa gazetini kuwa ni adui wa nchi. Hapo hata mwenye kinu hakusagii ngano, hata jirani hakuamkii.

Mfalme yuko ng'ambo ya bahari. Kamati iko mlango wa pili. Mwenyekiti wake ni Asahel Pidge, fundi mapipa, adui yangu tangu aliponipokonya kiti cha mbele kanisani.

Ijumaa, Machi 3

Nimepata akili! Jumatatu ni mkutano wa mji. Tunachagua viongozi kwa kunyoosha mikono, wala siku hizi gavana wa Mfalme haulizwi. Nikiingia mimi kwenye Kamati, nani atanikagua? Ila kwanza nionekane mzalendo. Basi kesho nachoma chai yangu uwanjani, mbele ya kila mtu.

Yaani si chai hasa. Ni majani ya rasiberi, yale ambayo wanawake hukausha na kuchemsha badala ya chai. Yakikauka, nani atayatofautisha? Mke wangu, Thankful, kaniambia nisithubutu. Nimemwambia siasa haijui.

Jumamosi, Machi 4

Balaa!

Umati ulijaa. Nilihutubia vizuri, nikatia moto. Kofia zikarushwa juu. Pidge alinipa mkono, uso umemwiva kwa wivu. Mara moshi ukageukia upande wa kina mama. Mjane Keziah Loomis akanusa. Akanusa tena. Halafu kwa sauti ya kusikika hadi mtoni: "We Barzillai, mwanangu, mie uchafu huu naunywa asubuhi na jioni, mwaka mzima sasa. Chai yenyewe iko wapi?"

Mji mzima umekuwa ukinywa majani hayo. Hapakuwa na pua isiyoyajua isipokuwa yangu. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Pidge akasema haya, Bwana Crump, tangulia dukani. Walikuta masanduku mawili chini ya magunia ya ngano. Nje kuna watu walikuwa wanachemsha lami, na mmoja kabeba mto wa manyoya, tayari kunipaka na kunibandika manyoya kama kuku. Pidge akawazuia: Jumatatu nitubu mbele ya mkutano. Wasiponisamehe, ni gazeti na lami, vyote viwili.

Jumatatu, Machi 6

Nilisimama kofia mkononi, nikasoma toba aliyoniandikia Pidge mwenyewe. Kwamba mimi, Barzillai Crump, kwa tamaa yangu, niliwahadaa jirani zangu. Kwenye "tamaa" nikapunguza sauti. Wakataka nirudie. Thankful alitazama sakafu tu. Sijapata kuona aibu kama ile maishani.

Kisha kura. Nani anamsamehe? Mikono minne! Nilianza kuisikia ile lami mgongoni. Ndipo Mjane Loomis akanyoosha wake, akageuka kuwatazama wengine mmoja mmoja, nao wakaanza kunyoosha. Nimesamehewa! Nililia, nakiri. Pidge kachaguliwa tena, lakini potelea mbali.

Thankful kasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimemwapia juu ya Biblia: hila basi.

Alhamisi, Machi 9

Lile sanduku la tatu hawakulikuta, nilikuwa nimelihamishia chini ya kitanda. Na sasa nimelipatia dawa! Leo Pidge kaenda Concord kwa mambo ya Kamati. Nimeliingiza kwenye ghala lake, katikati ya mapipa. Kisha nikamnong'oneza Mjane Loomis kwamba nimesikia harufu fulani huko. Pua yake haijapata kukosea. Kamati nzima inakwenda kesho asubuhi!

Kesho Pidge ndiye atakayeshika kofia. Kiti chake kwenye Kamati changu, na cha kanisani pia. Nchi ikitulia nitaidai chai yangu. Haiwezi kupotea: chini ya sanduku nimechonga jina langu kamili, herufi kubwa, Pidge asije akasema ni lake.