Presha ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Mafunzo ya kupima presha yameanza zahanati. Mimi, nifundishwe! Niliyepima nusu ya mji huu! Mkufunzi ni binti mgeni, ningeweza kumzaa mwenyewe. Ati mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Ati mpimaji anyamaze. Nikamweleza kwamba mimi huwasimulia wagonjwa nilivyompiga chui kofi, presha inashuka yenyewe. Darasa likacheka. Yeye, wapi.

Jumanne, 4 Juni
Siri yangu: kile kifaa cha masikioni hakijawahi kuniambia kitu. Kimya kama kaburi. Miaka yote natazama mshale ukitikisika, nakadiria. Sasa Ijumaa mtihani! Atakayeshindwa anapelekwa kufua mashuka. Muuguzi Miwani ameshaniuliza napenda sabuni gani. Mshenzi.

Jumatano, 5 Juni
Dawa imepatikana. Kwenye mtihani kila mtu aje na mgonjwa wake. Nitamleta kaka mkubwa. Nilimpima juzijuzi, juu ya koti: mia na ishirini kwa themanini. Nitataja hiyohiyo. Kaka analalamika kichwa kinamgonga. Nimemwambia ni jua.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Binti kaja na kifaa cha masikioni chenye mpira uliogawanyika kwa watu wawili, ninachosikia mimi naye anakisikia. Nikataja namba yangu kwa sauti nzito. Akanitazama. Akapima upya, mikono yote miwili. Mia na tisini na sita kwa mia na kumi na nane! Akamsihi kaka asiondoke kabla ya kuonana na daktari. Na Miwani yuko mlangoni, meno yote nje! Nikamvuta kaka pembeni, nikamwambia binti ana wivu na mimi. Kaka akasema hawezi kumwamini mgeni akamwacha mdogo wake. Akaenda zake nyumbani. Huyo ndiye ndugu!

Jumapili, 9 Juni
Kaka kaanguka bafuni. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umepinda. Shemeji kaniuliza mbele ya wodi nzima nilimwambia nini mumewe. Nikasema bafu lile lina utelezi.

Jumanne, 11 Juni
Nimepelekwa kufua. Husuda tupu. Jioni nikaenda kumwona kaka. Hasemi. Nilipomshika bega alinisukuma kifuani kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka. Nguvu zile! Nikamwambia shemeji mgonjwa anapona mbiombio, aanze kumpunguzia vidonge.
Shemeji kavuta kiti. Nilikuwa nimekikalia.