Mimi Nasema Uchungaji, Kitindamimba Anasema Ukunga

Jumatano, tarehe 4 Desemba

Kitindamimba wangu kamaliza sekondari. Leo mezani katangaza anataka kusomea ukunga. Ukunga! Mwanamume mwenye vindevu! Nikapaliwa na chai. Baba yake akauliza ubaya uko wapi, kisha akaongeza sukari. Mume huyu ni mpole mpaka anaudhi.

Mtoto huyu nilimweka wakfu akiwa tumboni. Uchungaji, si kuzalisha! Na mtoto wa Mama Soprano, kiongozi wetu wa kwaya, keshapata chuo cha uchungaji. Siku hizi Mama Soprano ananisalimia kwa sauti ya kunipa pole. Hapana. Nina mpango.

Ijumaa, tarehe 6 Desemba

Nimemwendea mchungaji. Nikamwomba kwa unyenyekevu Jumapili apate maono kuhusu mwanangu. Akauliza maono gani. Nikamweleza yote, hata rangi ya joho, asije akahangaika. Akakohoa sana. Akasema ataomba. Hiyo ni ndiyo!

Jumapili, tarehe 8 Desemba

Naandika hata viatu vya kanisani sijavua.

Mchungaji kahubiri habari za Hana, aliyempeleka Samweli hekaluni akamwacha huko. Akarudia: akamwacha. Macho kwangu! Nikajifanya natafuta leso.

Mara ukelele benchi la nyuma. Mkwe wa Mama Soprano, uchungu umemshika! Nje mvua ya kufa mtu, barabara imegeuka mto. Wakambeba hadi ofisi ya mchungaji. Bibi mmoja, mkunga mstaafu, akaomba msaidizi asiye mwoga. Mama Soprano alikuwa sakafuni, sauti imekauka. Mwanangu akakunja mikono ya shati, akanawa hadi viwikoni.

“Mama, shika pazia hili la mlangoni, watu wasione,” akaniambia. “Usiliachie.”

Sauti ile sikuijua. Nikashika.

Nilimsikia akimwambia yule binti, “Pumua, dada. Tupo na wewe.” Taratibu, kama mtu anayesali. Bibi anaelekeza, yeye anatii, hakosei.

Mtoto akatoka kimya. Rangi si rangi. Hata mvua niliacha kuisikia. Bibi akamsugua mgongo. Mwanangu akampokea kwenye taulo, akaendelea kumsugua, midomo ikimchezacheza. Ee Bwana, nikasema, na sikujua niongeze nini.

Kilio! Kilio kikali, cha hasira, kitamu!

Nikaitazama ile mikono. Mikono niliyokuwa naikata kucha. Imebeba mtu kamili, mpya, ambaye muda mfupi uliopita hakuwepo kati yetu. Nikapiga goti nikiwa na pazia langu. Mama Soprano akaja akalia begani kwangu, gauni langu jipya likalowa. Nikamwacha. Mwanangu naye alikuwa analia, anacheka.

Mungu alimwita zamani. Mimi ndiye sikusikia.

Jumatatu, tarehe 9 Desemba

Nimempa baraka zangu zote. Nimemkumbatia. Nimemwambia sasa ni mtu mzima, aende, namkabidhi kwa Mungu moja kwa moja. Baba yake akanitazama kwa mshangao, akasema ananionea fahari.

Mchana nimepiga simu chuo cha ukunga. Jikoni kwao wanatafuta mpishi. Nimesema naweza kuanza siku wanafunzi wanapofika. Mwanangu asijue kwanza.

Kumkabidhi nimemkabidhi. Nitakuwepo tu kumwangalizia Mungu kazi inakwendaje.