Hotuba Isiyo na R

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule kaniita. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Anataka kumsikia mtoto mmoja, mmoja tu, aliyenyooka ulimi kwa kazi yangu. Asipomsikia, kitengo cha matamshi kinafungwa na chumba changu kinarudi kuwa stoo ya mipira. (Hakijawahi kuacha kuwa stoo ya mipira. Naandika haya nimekalia mpira.)

Miezi saba. Watoto kumi na wanne. Walionyooka: hakuna. Mwalimu wa darasa la kwanza kaniuliza, kwa upole kabisa, kama mipira nayo imeanza kuongea. Nyoka yule!

Jumanne, 5 Machi

Nimemchagua Kidoti. Miaka saba, sauti kama kengele, haoni haya. Kasoro yake moja: kila R kwake ni L. Mwezi uliopita nilimpa zoezi la kutetemesha ulimi kama pikipiki. Akanijaza mate usoni. Nikamwambia akafanyie nyumbani, nikasahau.

Saa nne asubuhi, wazo! Kama mtoto hawezi R, mnyime R. Nitamwandikia hotuba isiyo na hata moja. Atasikika kama mtangazaji wa redio!

Jumatano, 6 Machi

Mateso. “Karibu” ina R. “Furaha” ina R. “Nashukuru”, “habari”, “heri”... Lugha nzima imenilia njama. Hatimaye nikapata: shikamoo mgeni wetu, shule yetu ni safi, walimu wanatulea vema, tunapenda kula na kulala, asante. Kidoti kaikariri kabla ya kengele ya mchana. Bila doa!

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi Kidoti kaja mbio, ana kitu cha kunionyesha mdomoni. Jino, nadhani. Nikamwamuru apumzishe mdomo, asitamke neno mpaka kesho.

Mchana bibi yake kaja kunitafuta. Malalamiko ya mate, bila shaka. Nikajificha nyuma ya magodoro ya mazoezi mpaka akaondoka. Mwalimu wa darasa la kwanza kaniona nikitoka na vumbi kichwani. Akatabasamu, akaenda zake. Afadhali angesema kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwisha.

Mkaguzi kakaa. Kidoti kasimama, kavuta pumzi.

“Shikamoo, mgeni wetu. Shure yetu ni safi. Warimu wanaturea vema. Tunapenda kura na kurara.”

R! R nzito, ya pikipiki inayopanda mlima, kila palipo na L! Mkaguzi akauliza taratibu ni kura zipi hizo. Nami akili ikaniruka. Nikanong’ona, chumba kizima kikasikia: “L, mtoto! Sema L!”

Kidoti akanitazama. Ameitafuta hiyo R mwezi mzima, leo kaniletea mbele za watu, na mimi namwambia airudishe. Akafumba mdomo. Mkaguzi akamuuliza jina, umri, rangi anayoipenda. Kimya. Mpaka sasa kimya.

Bibi yake alikuwa mlangoni.

“Mwanangu,” akaniambia, “jana nilikuja kukushukuru. Pikipiki yako iliwaka juzi jioni, akioga. Tulipiga makofi nyumba nzima.”

Kumbe nilifaulu! Mara ya kwanza katika miezi saba nilifaulu, nami nilikuwa nyuma ya magodoro.

Mkaguzi atarudi baada ya wiki mbili. Kasema ni mara ya mwisho.

Jumapili, 10 Machi

Nimelia jikoni. Mke wangu alidhani ni vitunguu. Nilipomweleza, akaniambia kesho niende nikamwombe Kidoti msamaha, nikae naye chini, nifanye kazi niliyosomea, polepole. Ushauri wa maana sana. Nimeutafakari mpaka chai ikapoa.

Kisha nikamkumbuka binti wa dada yangu. Miaka sita, anaongea kama cherehani, hana kasoro hata moja. Wiki mbili zinatosha kabisa kumfundisha kigugumizi. Siku ya mkaguzi, namponya!

Dada bado hajui.