Zamu ya Gavarayya

Jumatatu, 4 Machi
Mnunuzi wa khadi, kitambaa cha uzi wa kusokotwa kwa mkono, kutoka Hyderabad anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Atachagua nyumba moja ya kumfumia mwaka mzima. Moja! Atakayekosa ajue njia ya Surat, akachunge mashine za kiwandani. Kila mtu anasema atachaguliwa jirani yangu Gavarayya. Eti nyuzi anazosokota mkewe Tavitamma ni laini mno. Hata mke wangu Neelaveni amezisifu, kweupe, mbele yangu. Nimesusa chai.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Mtande, zile nyuzi ndefu za kufumia, usiponyooshwa barabarani na kupakwa uji wa mchele alfajiri, nyuzi hukatika ovyo ukianza kufuma. Mtaa wetu unatosha mtande mmoja tu. Kesho ni zamu ya Gavarayya. Keshokutwa yanafungwa maturubai ya harusi mpaka wiki iishe. Akikosa kesho, hatawahi kufuma kabla mnunuzi hajafika. Nitamwahi. Akili ninayo, jamani.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwahi! Alitoka na mtande wake begani, akakuta wangu umelala mtaa mzima. Nikamwambia pole kaka, wa kwanza ni wa kwanza. Akasema sawa, akarudi ndani. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikakumbuka. Kazi hii ni ya watu wanne: wawili kuvuta, wawili kupiga brashi. Sisi tuko wawili. Nikabisha hodi kila mlango. Ghafla mtaa mzima unaumwa kichwa! Jua likapanda. Uji ukaanza kukauka, nyuzi zikagandana. Neelaveni akalia. Pamba aliyoisokota tangu mvua ziishe!

Gavarayya akatoka na Tavitamma na brashi zao.

“Vuta huko, Simhadri,” akasema. “Uzi hauna kosa.”

Wakapiga brashi mpaka ukanyooka wote. Najua nia yake. Alikuwa anajionyesha mbele ya mke wangu.

Jumamosi, 16 Machi
Mnunuzi amepitisha kitambaa changu shavuni, akafumba macho. Akasema uji umepakwa sawasawa ajabu, nani kaupaka? Nilijibu haraka kwamba ni mimi, kabla Neelaveni hajafungua mdomo. Nimechaguliwa, kazi ya mwaka mzima ni yangu! Gavarayya hakuwa na hata dhiraa ya kuonyesha.

Jumatatu, 18 Machi
Gavarayya na Tavitamma wamepanda treni kwenda Surat. Mtaa mzima umewasindikiza hadi stesheni. Wamevishwa maua, wamefungiwa wali wa ukwaju, watu wazima wamelia. Mimi nimeishi hapa miaka yote na hakuna aliyewahi kunililia. Na kiti wamepata cha dirishani!

Lakini sasa hakuna wa kunibana. Mtaa wangu, zamu zote zangu! Nimemwambia Neelaveni kesho alfajiri tunanyoosha mtande mpya, yeye ashike ncha moja. Akaniuliza ncha nyingine atashika nani, na brashi atapiga nani.

Mwanamke huyu hapendi kabisa kuniona nikifurahi.